Viatu vya Kunyatia

Mimi nauza raba. Nalisema mapema ili anayetaka kunicheka acheke amalize, tuendelee. Mezani kwangu hapa Tabora nimezipanga nyeupe mbele, nyeusi nyuma, na kutwa nzima nazisikia zikiitwa majina. Mzee akija anasema, "Mwanangu, nipe raba." Kijana anauliza, "Mama, snika za arobaini na mbili zipo?" Ukimjibu kwamba raba zipo ananuna, anaona umemshusha hadhi. Mwanafunzi katumwa na mwalimu wake viatu vya michezo. Dada wa saluni anataka simpo, na anachokinyooshea kidole ni kilekile alichokiacha mwanafunzi. Mie siwabishii. Kiatu ni kimoja: juu kitambaa, chini mpira. Mtu mmoja tu maishani mwangu aliyakataa majina hayo yote akakipa la kwake, na kwa jina hilo kijana wa watu alivunjwa miguu yote miwili huku naona.

Tulimwita Kamanda. Alikuwa kamanda wa sungusungu, yaani walinzi wa jadi, katika kijiji kimoja cha upande wa Puge nilikoolewa nikakaa miaka kumi na moja. Kati ya nyumba yake na yetu palikuwa na ua wa minyaa tu. Jina alilopewa na wazazi wake nalijua, ila silitaji. Hata mkewe alimwita Kamanda, tena mezani, akimwomba chumvi.

Yeye mwenyewe alivaa katambuga, zile ndala za tairi la gari, na chini alizipigilia misumari makusudi. Akipita kwenye kokoto unasikia ko, ko, ko, na watu wazima wanaanza kujikagua. Nilimuuliza siku moja, "Kamanda, mbona unajitangaza hivyo? Si mwizi atakukimbia?"

"Mama Zuhura, mtu mwema anasikika akija," akaniambia. "Babu zetu wa hapa walibeba mizigo mpaka pwani na kurudi, njuga miguuni. Kijiji kinawasikia kabla hakijawaona, kinateka maji ya kuwapokea. Leo mtu anavaa mpira, anakufikia mgongoni hujajua. Amefuata nini mgongoni kwako?"

Sikuwa na jibu. Na ole wake aliyekuwa nalo.

Mwalimu wa Kiingereza wa shule yetu ya msingi alikuwa nalo, maskini, na halikumsaidia mtu. Tulikuwa kwenye banda la mashine ya kusaga, tunangoja zamu, mazungumzo yakaangukia viatu. Mwalimu akasema, kwa kupoteza muda tu, kwamba hata Wazungu wana jina la raba, hilo snika, lililotokana na neno lao la kunyata, kwa sababu soli ya mpira haitoi sauti. Kamanda akasimama.

"Rudia."

Mwalimu akarudia.

"Wenyewe waliovitengeneza? Ndivyo walivyoviita?"

"Ndiyo, Kamanda, lakini siku hizi neno limeshazoeleka. Mtu akilitaja hafikirii kunyata, anafikiria kiatu tu, kama vile sisi..."

"Basi. Umemaliza."

Mwalimu hakuwa amemaliza. Alibaki mdomo wazi, nusu ya somo imebaki kwenye ncha ya ulimi, na Kamanda ameshaondoka na nusu nyingine. Tangu siku hiyo hatukumsikia tena akisema raba. Alisema viatu vya kunyatia. Akalisema neno hilo kwenye mikutano, kwenye misiba, kwenye harusi bwana harusi akiwa amezivaa. Na watu wakalizoea. Hapo ndipo kosa letu lilipoanzia, maana neno likishazoeleka huulizi tena kama ni kweli.

Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko mdomo. Alikuwa na fimbo ya mti mgumu, nyeusi kwa mafuta, na aliyewahi kupigwa nayo hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Nilimwona akimchapa mlevi aliyemtukana mkwe wake, akamchapa mpaka yule mtu akajikojolea, halafu akamvua shati akamfungia nalo jeraha, akambeba mgongoni hadi kwake. Nilimwona akimpiga mfanyabiashara aliyepunja kipimo cha karanga, akavunja debe la kupimia kichwani kwake. Damu ilitiririka ikachanganyika na karanga, na bado akamlazimisha azioshe azigawe.

Mwanawe wa kwanza alirudi kutoka Dar es Salaam na raba nyeupe, pee, za kung'aa. Sisi kina mama tulichungulia kwenye minyaa. Baba mtu akauliza, "Hivyo nini?" Mtoto, kwa mbwembwe za mjini, akajibu, "Snika hizi, baba. Zinatamba sana." Kofi la kwanza lilimweka chini. Ngumi zilizofuata sikuzihesabu. Kamanda akamvua zile raba mwenyewe, akachukua nyundo na misumari, akazigongelea kwenye nguzo ya lango la zizi, visigino juu. Zilikaa pale masika mawili, mijusi wakitaga ndani ya moja. Mtoto aliondoka kesho yake peku na hakuandika, hakupiga simu. Mkewe Kamanda alikuwa akipita langoni anaigusa ile nguzo kwa kiganja. Nikimwona hivyo nilikuwa namchukia mumewe kwa roho yangu yote.

Lakini sasa nisikilizeni, maana nisiposema na hili nitakuwa mwongo. Macho ya yule mtu! Alisoma ardhi. Alijua ng'ombe wa nani kapita, kapita saa ngapi, na kama ana kiu. Asubuhi moja alinikuta nachota maji, akanitazama nyuma nilikopita, akasema, "Mama Zuhura, umebeba wa pili." Nikamwambia aache masihara. "Kisigino chako kimeanza kuzama," akasema. Mie mwenyewe sikuwa najua. Baada ya wiki mbili nikajua. Na tangu siku hiyo mpaka nilipojifungua, kila asubuhi kibuyu cha maziwa kilikutwa mlangoni kwangu, na hakuwahi kulitaja jambo hilo. Alifanya hivyo kwa kila mama mjamzito kijijini, na wengine aliwajua kabla ya waume zao.

Kwa hiyo tulimwamini. Akisema unyayo ni wa fulani, ni wa fulani. Hakuwahi kukosea, au ndivyo tulivyoambiana.

Nilianza biashara hii kulekule kijijini, kidogo kidogo. Nikaja mjini kwa muuza viatu mmoja wa Kihindi, mzee mcheshi, akanionyesha fungu la raba zilizobaki dukani, rangi ya bluu, chini ya soli zina nyota. Pea saba, zote namba nane. Hakuna mtu aliyekuwa anazitaka kwa sababu namba ilikuwa moja. Nikazichukua zote. Nikaziuza kijijini kwa siri, kwa wanaume sita waliozifunga kwenye khanga za wake zao wakaenda nazo. Walizivaa wakienda mbali, Nzega au Tabora, na wakikaribia nyumbani wanazivua. Nani angejitia mbele ya Kamanda na raba miguuni?

Pea ya saba aliinunua Shija. Yeye alikuwa mgeni, kijana wa Kaliua aliyemwoa Kabula, binti wa jirani zetu, na alikuja kuwasaidia wakwe zake kulima. Hakujua habari za Kamanda. Alizivaa palepale, akanizungukia akicheka, "Mama, nimependeza?" Nikamwambia umependeza baba, nenda kamwonyeshe mkeo. Wallahi sikumwonya. Niliona aibu kumwambia mteja kwamba bidhaa yangu ina balaa.

Haikupita wiki mbili, mjane mmoja akaamka akakuta zizi tupu. Ng'ombe wanne, mali yake yote. Filimbi zikalia asubuhi kijiji kizima. Filimbi ya sungusungu ikilia huna udhuru: unaacha uji jikoni, unaacha mgonjwa, unakwenda. Asiyekwenda hesabu yake ni moja na mwizi. Tukakuta Kamanda amepiga magoti zizini. Mvua ilikuwa imenyesha jioni iliyotangulia na tope lilikuwa limeshika unyayo vizuri. Nyota.

Nyota za raba zangu.

Akakata kijiti sawa na urefu wa ule unyayo. Halafu akatuketisha wanaume na wanawake kwa mistari, miguu mbele, akaanza kupita. Ko, ko, ko. Alipofika kwa Shija akasimama. Shija ndiye peke yake aliyekuwa na raba. Alikuwa amekaa akitazama watu, hana wasiwasi, kama mtu anayeangalia ngoma ya ugenini. Kamanda akamshika kifundo, akageuza soli juu ili wote waone, akaweka kijiti. Kikatosha sawasawa.

"Viatu vya kunyatia," akasema.

"Mzee, hizi nimenunua," Shija akasema, akaanza kunitafuta kwa macho. "Muulizeni mama yule."

Watu wakanigeukia. Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yenyewe machache: niliuza pea saba, zote namba nane, zote nyota. Niliwaona wale sita. Walikuwepo wote, wamekaa peku, wengine wamepauka midomo. Mmoja alinitazama akatikisa kichwa polepole. Nikafikiri: nikisema, wataulizwa wale sita, nao watasema mimi ndiye ninayewavisha wezi. Nina mtoto mgongoni na mwingine wa miaka minne. Nikasema, "Ndiyo, nilimuuzia mimi." Nikanyamaza. Nilisema kweli ile nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyomponza.

Kijiji chetu kilikuwa na desturi. Mwizi akipatikana, kila mtu mzima anampiga pigo moja, asibaki hata mmoja wa kwenda kushitaki wenziwe. Wale sita ndio walioanza, na hawakupiga kinyonge. Walipiga kwa hofu, na anayepiga kwa hofu hajui kupima. Shija alilia kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kisukuma, halafu akawa analia bila lugha. Kabula alishikwa na wanawake wanne, mtoto wao mchanga ameanguka kwenye majani. Mama wa mtu na akili zangu nikapewa fimbo. Nilimpiga begani, kidogo. Kidogo! Hata leo najitetea kwa neno hilo. Mwishowe Kamanda akasema, "Miguu hii isinyate tena," akachukua shoka, akaligeuza, akapiga kwa kisogo. Mguu wa kulia, mapigo mawili. Wa kushoto, matatu. Ule mlio sitauelezea.

Ng'ombe hawakupatikana, na mwizi hasa hajulikani mpaka leo. Shija alipakiwa kwenye mkokoteni akarudishwa kwao Kaliua, na kijiji kikamtenga: asikanyage, asipewe moto, asipewe maji, na jina lake likawa mwizi. Kabula alimfuata. Mie nilikaa mwaka mmoja zaidi, nikagombana na mume wangu kwa mambo mengine, nikahamia Chemchem, hapa mjini Tabora. Nilisema nimehama kwa ajili ya mume. Uongo. Sikuweza kusikia tena misumari ile ikipita kwenye kokoto.

Miaka ishirini ikapita. Juzi hapa, wakati wa mavuno ya karanga, mwanamke akasimama mbele ya meza yangu asiguse kiatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Namba ngapi?"

"Mimi Kabula."

Nikakaa. Akanieleza kwa utulivu ulionitisha. Yule mtoto aliyeanguka kwenye majani ni msichana mkubwa sasa, anajua kushona, amechumbiwa na kijana aliyekutana naye mjini. Kumbe kijana kwao ni kijiji kilekile. Baba wa kijana akakataa: hawezi kumwoza mwanawe binti wa mwizi. Mshenga akamsihi, mzee akalegea kidogo, akatoa sharti. Kamanda aliyemwita mtu mwizi mbele ya kijiji, amwondolee jina hilo mbele ya kijiji. Mkutano wa kijiji ulikuwa kesho yake, saa nne.

"Mama Zuhura," Kabula akasema, "wewe ndiye uliyemuuzia mume wangu. Uliuza pea ngapi za namna ile?"

Miaka ishirini nilikuwa nalingoja swali hilo, na lilipokuja nilitaka ardhi inimeze.

"Saba."

"Na siku ile ulijua?"

"Nilijua."

Nilingoja matusi. Ningeyapokea. Akafuta machozi kwa ncha ya khanga, akasema, "Basi funga meza twende."

Shija alikuwa kwenye gari la kukodi, nyuma, magongo yake yamelala mapajani. Amenenepa, ndevu zimeingia mvi, na miguu imepinda kwa ndani. Nikamsalimia, akaitikia kwa kichwa. Tulifika mchana, gari likasimama nje ya ua wa minyaa. Nikawaambia wanisubiri, niingie kwanza mimi.

Kamanda alikuwa amekaa kwenye kigoda, amekonda, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Jicho moja limefunga ukungu. Hata hivyo kabla sijafungua mdomo akasema, "Mama Zuhura. Bado unakanyagia nje mguu wa kulia."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefuata nini?"

Nikasema kila kitu, nimesimama, bila kupumua. Pea saba. Namba nane. Wale sita nikawataja mmoja mmoja, wawili wameshakufa. Nikamwambia nilinyamaza kwa woga, na kwamba nilimpiga mtu niliyejua huenda hana kosa. Yeye aliinamisha kichwa.

"Mimi nilijua jioni ileile," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nilirudi zizini, watu wameshatawanyika. Nikaufuata ule unyayo taratibu. Mwizi yule alikuwa anaburuta mguu wa kushoto. Kila hatua, tope limekwaruzwa. Na yule kijana nilimwona akija mkutanoni. Alikuwa anakanyaga sawa."

"Ukafanya nini?"

"Nikaufuta."

"Kwa tawi?"

"Kwa mguu wangu."

"Kwa nini, baba? Kwa nini usiseme?"

Akanitazama kwa lile jicho zima. "Kwa sababu alikuwa ameshapigwa."

Nilimtukana. Sitarudia nilichosema, mkewe alitoka jikoni akakimbilia kuniziba mdomo, nikamsukuma. Mzee wa watu nikamwita muuaji, nikajiita na mimi muuaji, nikalia mpaka sauti ikakauka. Yeye hakujitetea wala hakuinua mkono. Afadhali angeinua. Nilipochoka nikamwambia, "Yuko hapo nje. Nenda."

"Siwezi kuitazama ile miguu."

"Basi mtazame usoni!"

Akasimama. Akatafuta fimbo, mkewe akampa. Alitoka polepole, nami nyuma yake, tukapita lango la zizi mpaka kwenye gari. Kabula alikuwa amefungua mlango. Shija alimwona akija, akashika magongo kwa nguvu, nikadhani atampiga, na kama angempiga nisingemzuia.

Kamanda akasimama mbele yake. Mzee wa miaka sabini na ushee, ambaye kijiji kizima kilimwamkia tangu sijaolewa, akainama mpaka mkono ukagusa lile goti lililopinda, akasema:

"Shikamoo."

Kabula akashika mdomo. Dereva akageuza uso. Mimi sikuwahi kusikia jambo kama hilo likitoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, na nadhani sitasikia tena. Shija alimtazama yule mzee utosini.

"Hapa tuko watano tu," akasema. "Siku ile mlikuwa kijiji kizima. Kesho saa nne, mbele ya watu wote, mbele ya binti yangu, unisalimie hivyohivyo. Ndipo nitaitikia."